Kibao cha Kijani Mbele ya Dirisha Langu

Luqman Mwidani,
Nyumba yenye kibaraza cha samawati,
Likoni.
(Jina la mahali penyewe nimeliacha wazi makusudi. Sababu zimo ndani ya barua.)

Jumatatu, tarehe 25 Agosti.

Kwa Afisa wa Majina ya Mitaa na Vichochoro,
Serikali ya Kaunti.

Bwana Afisa Mheshimiwa,

KUH: KUONDOLEWA KWA KIBAO KABLA YA JUMAMOSI, TAREHE 13 SEPTEMBA

Assalaam aleikum. Kama wewe si wa salamu hiyo, basi hujambo, na watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho yangu haina raha, na kinachoikosesha raha ni kibao chenu.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nazo Ijumaa, nikaona nizilalie kwanza. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini miaka thelathini na mmoja. Kontena likipotea, aliyeulizwa ni mimi, na likipatikana, lilipatikana kwa mwandiko huu huu unaousoma, wenye mkia mrefu kwenye herufi L. Kwa hivyo najua tofauti ya malalamiko na kelele. Haya ni malalamiko, nami nimeyapa nambari ili usipate tabu kuyajibu.

1. Kibao chenyewe. Mwezi uliopita vijana wenu wawili walikuja na nguzo mbili za chuma, mfuko wa saruji na kibao cha kijani chenye maandishi meupe. Walichimba hatua mbili kutoka dirisha langu la mbele. Nilifurahi, sitaficha. Nilifungua dirisha nikawaambia wasiwe na haraka, nikawapa na maji baridi, kwa kuwa nilijua jina litakaloandikwa hapo. Kichochoro hiki nimekifungua mimi. Mwaka wa themanini na tisa, nilipojenga, hapa palikuwa na mikorosho, ngedere na mimi. Kisima cha kwanza nilichimba mimi, na hakuna nyumba kichochoroni ambayo saruji yake haikukorogwa kwa maji yangu. Basi walipokigeuza kibao kikanitazama, nilivaa miwani nikasoma: KWA MWANATATU.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. Ilikuwa vile vile.

2. Mwanatatu mwenyewe. Bi Mwanatatu ni mama anayeuza mahamri na mbaazi katika kibanda cha mabati, pale kichochoro kinapoanzia. Alikuja kutoka Msambweni mwaka wa 2018. Sina neno naye. Mimi ni Muislamu, siwezi kutia uongo kwenye karatasi ya serikali: mahamri yake yana iliki ya kutosha, mbaazi zake zina tui zito, na nimekula kwake kila asubuhi kwa miaka saba, isipokuwa Ramadhani. Lakini tangu lini mtu akapewa mtaa kwa sababu ya mbaazi? Tukikubali hili, kesho muuza viazi karai wa stendi atadai Likoni nzima. Tena vijana wenu, walipomaliza kusimamisha nguzo, walikula kwake. Sisemi hongo. Nasema tu kwamba nilihesabu kutoka dirishani, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi niliyofanya, na mmoja wao alikula mahamri saba.

3. Aliyewapa jina. Nimefanya uchunguzi nyumba kwa nyumba. Absalom, fundi wa pikipiki, ameapa hakuulizwa na mtu wa kaunti. Mkewe, Milcah, naye hakuulizwa, ila akanijibu kwa swali: "Kwani si ndivyo kunaitwa, mzee?" Nasreen wa dukani hakuulizwa, lakini akasema kibao kimenyooka vizuri. Basi yupo mtu. Mtu huyo alikaa kitako, akashika kalamu, akawaandikia jina la mwingine, huku akijua kisima ni cha nani. Huyo ndiye adui yangu, wala si wewe, Bwana Afisa. Nataka nimjue. Nataka asimame mbele ya kibao saa saba mchana, juani, bila kofia, aniombe radhi kichochoro kizima kikisikia.

4. Zahanati. Daftari la wagonjwa sasa linataka mahali mtu anapokaa. Muuguzi, Bi Nafula, aliandika "Luqman, kwa Mwanatatu," na tangu siku hiyo, kila nikienda kupimwa presha, huniuliza kama mke wangu Mwanatatu amepunguza chumvi kwenye chakula changu. Nimemweleza mara tatu. Mara ya tatu alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba ugomvi wa nyumbani hupandisha presha. Nilipimwa. Ilikuwa imepanda.

5. Posa. Hapa naomba uvute kiti. Binti yangu wa mwisho, Ummi, ameposwa na kijana mwema wa Changamwe. Mama yake Ummi alitangulia mbele ya haki miaka kumi na moja iliyopita, kwa hivyo wa kupokea wageni ni mimi peke yangu. Wazee kumi na wawili walivuka na feri Jumapili ya tarehe 17 asubuhi, kanzu zimepigwa pasi, wakiongozwa na ami wa kijana huyo, Bwana Ismail. Mimi nilikuwa kibarazani, ambako kibanda hakionekani, tangu saa tatu, kofia ya vito kichwani, nimejifukiza udi hadi paka akahama. Saa nne hawajafika. Saa tano hawajafika.

Kumbe walishushwa kibandani. Waliulizia kichochoro kwa jina la kibao, wakamkuta mwanamke mtu mzima, mwenye adabu zake, wakaona ndiye mwenye nyumba. Naye, badala ya kuwaonyesha mlango wangu, aliwaambia, "Karibuni, wangu, kaeni. Mzee yuwaja." Kisha akawapakulia. Nasikia alikusudia kuwaleta mara moja, lakini kwake mgeni haletwi kwa mtu na njaa. Walinifikia saa sita, wameshiba, wanafuta vidole, na Bwana Ismail akanipa habari njema kwamba tarehe ya arusi imeshapatikana, maana wamekwisha kukubaliana na mama.

Mama yupi, Bwana Afisa? Mimi nilitaka tarehe ishirini. Imekuwa kumi na tatu, kwa sababu tarehe ishirini Mwanatatu ana oda ya mahamri mia tatu ya hitima huko Mtongwe. Ummi aliposikia alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Mimi nimemlea mtoto huyu nikimsuka nywele kwa mikono iliyozoea kamba za mizigo, na siku ya posa yake nimepangiwa na kibao.

6. Hili la sita sikutaka kuliandika. Nina miaka sitini na minane na moyo unaodunda upendavyo. Siku nitakapoondoka, msikiti utatangaza, na najua utakavyotangaza, kwa kuwa wiki iliyopita ulimtangaza Mzee Jafar, aliyetuuzia makaa miaka ishirini. Walisema, "Jafar wa kwa Mwanatatu, maziko baada ya alasiri." Watu wakasema innalillahi, kisha wakaulizana, Jafar yupi? Naogopa. Sio kufa, kufa ni haki. Naogopa watu waulizane Luqman yupi, na jibu liwe: yule aliyekuwa akila mbaazi.

Baada ya kuyaeleza hayo, maombi yangu ni haya, nami nimeyapanga kuanzia jepesi:

(a) Kibao kiondolewe kabla ya arusi ya tarehe 13, ili wageni wajue wanakuja kwa nani, na mahali pake kisimamishwe kinachosema KWA LUQMAN. Mtaokoa rangi ya herufi tatu. Nimehesabu.

(b) Aliyewapa jina aletwe aombe radhi, kama nilivyoeleza, juani.

(c) Ikiwa sheria inakataza kibao kung'olewa, basi Bi Mwanatatu ahamishiwe Kisauni pamoja na kibao chake, kwa kuwa kibao kinasema kwake, na kwake patakuwa ni huko. Ila awe anavuka kila asubuhi kuja kutuuzia, maana majirani watateseka. Siwazungumzii wengine, nawazungumzia majirani.

(d) Hilo nalo likiwa zito, niko tayari kwenda mbele ya wakili nile kiapo cha kubadili jina, niitwe Mwanatatu. Nimelibeba jina la babu yangu miaka sitini na minane. Naweza kumalizia safari na jina la mwenye kibanda, mradi kibao kiwe changu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa na wadogo, aliyechora herufi hizo (mkono wake ni mzuri, sina budi kusema), na wale vijana wawili wa saruji, hasa yule wa mahamri saba. Ummi anakusalimu. Absalom, Milcah na Nasreen wanakusalimu, ingawa hawajui nimekuandikia. Bi Mwanatatu naye angekusalimu, lakini nimemficha barua hii chini ya sahani.

Ni mimi, ninayengoja haki dirishani,

Luqman Mwidani
(Karani wa mizigo, mstaafu)

BAADA YA SAHIHI: Leo ni Jumanne. Barua nimeileta mwenyewe katika ofisi ya wadi ili isipotee njiani. Bi Quinter wa mapokezi alinikaribisha kiti, akaisoma yote bila kucheka, kisha akaenda kabatini akarudi na faili la kichochoro chetu. Alinionyesha karatasi iliyotoa jina. Ni fomu ya mwezi wa Aprili, ya malalamiko kuhusu mtaro ulioziba. Palipoulizwa "Mahali tatizo lilipo," mtu amejaza hivi: "Kwa Mwanatatu. Muulizeni mtu yeyote, hamtapotea." Herufi L kwenye sahihi ina mkia mrefu.

Nilikumbuka yote hapo hapo. Niliijaza kibandani, juu ya meza yake, mbaazi zikipoa, na nilitaka watu wa mtaro wafike haraka. Nikamuuliza Bi Quinter mbona basi mtaro haujazibuliwa hadi leo. Akasema mitaro ni ya ofisi nyingine, wao hapa walihitaji mstari wa anwani tu.

Kwa hivyo ombi (b) nalifuta. Jua la saa saba si la mtu wa umri wangu. Ombi (d) nalifuta pia, wakili hana haja ya kujua. Ombi (c) lisitajwe mbele ya mtu, nakusihi, kwa sababu Bi Mwanatatu ndiye mpishi wa arusi, na kwa sababu jana usiku Ummi alimwomba akae siku hiyo mahali pa mama yake. Nilipoambiwa nililia, nasema wazi, na yeye Mwanatatu alilia, tukanywa chai.

Ama ombi (a), naomba lisubiri. Kadi zimeshachapishwa, na Ummi ameandika mahali panapojulikana. Mkikiondoa kibao kabla ya tarehe 13, wazee wa Changamwe watanipotelea hadi Ukunda. Kiacheni, na mkipata nafasi kipakeni rangi upya, maana kunguru wamekichafua upande wa juu.

Nawe, Bwana Afisa, umealikwa, wewe na ofisi yako, na mtu yeyote wa mitaro utakayemkuta njiani. Mkishuka kwenye feri, mwambieni mwenye tuktuk awalete kwa Mwanatatu. Muulizeni mtu yeyote, hamtapotea.