Uzinduzi wa Orkestra ya Kimataifa ya Vijana wa Ziwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe; waheshimiwa wa meza kuu, kwa vyeo vyenu na mikao yenu; mzee wetu Tayabali, uliyetupatia viti; viongozi wa dini; wanamuziki vijana mliopangwa hapa mbele kwa urefu; itifaki ikizingatiwa, mabibi na mabwana, kaeni. (Makofi. Wengi walikuwa wamekaa.)

Miaka mitatu iliyopita nilisimama hapahapa Pasiansi nikaahidi kwamba kila Juni vijana watakusanywa kwenye kambi za mafunzo, na humo itazaliwa orkestra, tena ya kimataifa, maana ziwa lenyewe ni la nchi tatu. Leo nathibitisha, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya kwa kuzuru Ulaya mara mbili, kuwa utekelezaji umefikia asilimia themanini na saba: nembo imechorwa, fulana zimeshonwa, kamati sita zimeundwa, na tano kati ya hizo naziongoza mimi, kwa unyenyekevu. (Makofi ya meza kuu.) Asilimia kumi na tatu iliyobaki ni mambo madogomadogo ya kitaalamu, yaani walimu, vyombo na mahali pa kufundishia. (Minong'ono.)

Naona binti amesimama pale katikati ya wanamuziki. Huyu ni Agutu, mpiga fidla kutoka Sengerema, tuliyempa barua ya kuchaguliwa. Sema, mwanangu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Chuo cha ualimu kinanisubiri mpaka kesho tu. Niliwaomba wanisubiri kwa sababu ya barua yako. Kambi ipo, au haipo?"

Marahaba. (Kicheko viti vya nyuma.) Swali zuri sana. Nikujibu kimkakati: kambi itaanza mara tu orkestra itakapoundwa, nayo orkestra itaundwa mara tu vijana watakapohitimu kambi. Huo ndio mchakato. Kaa, picha bado. (Agutu haketi. Anavua fulana ya mradi aliyoivaa juu ya gauni, anaikunja, anaiweka juu ya meza kuu. Anachukua fidla yake na kuondoka.)

Tuendelee. Nikisema orkestra, mseme inasikika. Orkestra! (Sauti moja tu: "Iko wapi?")

Mwisho kabisa, naishukuru bendi ya tarumbeta ya Kisesa kwa kutuazima vijana hawa wote na vyombo vyao hadi saa kumi. Mpiga picha, wabananishe kidogo. Pale katikati pasionekane pengo.