Kuhusu Nyoka Wangu na Kwaya ya Ghorofa ya Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti Alexis,
Kamati ya Wapangaji, Hillbrow.

Natumaini wewe na familia hamjambo. Nimepokea barua ya Kamati inayonipa siku saba nimtoe nyoka wangu. Naomba nami nisikilizwe.

Kayamba ni nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani. Nilikutana naye Randburg, kwenye maonyesho ya nyoka nilikopangiwa lindo. Walinzi wenzangu waliomba wakalinde magari. Mimi nilisimama mbele ya kioo chake hadi zamu ikaisha, nikasahau hata kula. Mwenye nyoka huyo alipohamia ng'ambo alinikabidhi, pamoja na sanduku lake la kioo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwaya ya Mama Masika hufanya mazoezi ukuta kwa ukuta na chumba changu. Sakafu ikitetemeka, Kayamba hukasirika na kutikisa mkia. Yeye hajawahi kumgongea mtu mlango.

2. Kwa miezi miwili kwaya ilidhani ni mimi ninayepiga kayamba. Mama Masika alinisimamisha kwenye lifti: "Baba Mwadini, ile kayamba yako iko na upako!" Mimi ni Mwislamu, nilimshukuru kwa adabu.

3. Jumamosi alikuja na sahani ya mandazi kunialika nikapige kanisani. Mke wangu Biubwa akamwonyesha mpigaji halisi. "Eh, Yesu! Kumbe tulikuwa tunaimba na nyoka!" Akapanda juu ya meza yetu, ikavunjika. Mandazi aliondoka nayo.

4. Tangu hapo wanakwaya wanamkemea Kayamba kama pepo kupitia ukuta. Wakikemea, anatikisa; akitikisa, wanazidisha. Juzi walikemea kwa muda wa saa tatu bila kupumzika. Nani hapo anavuruga amani?

5. Kwa hiyo naomba kwaya ihamie kwenye maegesho, lifti itengwe Kayamba anapokwenda kwa daktari wa mifugo, na apewe kiti kwenye Kamati, maana ndiye mpangaji pekee wa ghorofa ya tisa anayeonya kabla ya kudhuru.

Nisalimie mama watoto, mlinzi wa getini na wapangaji wote. Kwaya pia, isipokuwa sauti ya tatu.

Mimi mpangaji mwenzenu mtiifu,
Mwadini

Nyongeza: Nyongeza hii naiandika nikiwa Jeppestown, kwa binamu yangu Bakiri. Jana nilifungua sanduku la Kayamba nimbadilishie maji, akanitikisia mkia mimi, na sikuwa naimba. Tulitoka mbio, Biubwa mbele. Tulipofika huku sikukumbuka kama nilirudisha kifuniko. Nilimpigia simu mlinzi wa getini; katika jengo zima, aliyekubali kuingia kuangalia ni Mama Masika peke yake. Alikuta sanduku wazi, nyoka amejikunja ndani, akalifunga kwa mikono yake mwenyewe. Siku saba ni nyingi mno, Mwenyekiti; leteni mtaalamu leo. Na mfikishieni Mama Masika shukrani zangu, maana mimi naona haya hata kumpigia simu.