Domomwiko na Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Tumefika kisiwani! Daktari amesema moyo wangu umechoka, niepuke vilima na hasira. Basi nimeamua kuungama kila siku kabla sijaitwa. Ungamo la leo: nimefundisha biolojia hadi kustaafu, nimemchora ndege domomwiko ubaoni mwaka baada ya mwaka, na sijawahi kumwona hai. Hata mara moja! Siondoki duniani hivi.

Tuko watatu. Binti yangu muuguzi ameniruhusu kutembea hadi benchi la kwanza la ufukweni, basi. Na mjomba wake, kaka wa marehemu mke wangu, mpima ardhi mstaafu. Shemeji huyu amekuja na darubini kubwa kama masufuria mawili. Anajionyesha tu.

Chumba cha kulia cha nyumba ya wageni kina ubao. Mama mwenye nyumba huandika hapo ndege adimu na majina ya waliomwona. Sharti wawe wawili. Aliyeona peke yake, anasema, ameota. Domomwiko hayumo ubaoni. Patamu hapo!

Jumanne, tarehe 4 Machi
Mpishi amenidokeza: domomwiko hutua kwenye tope la kusini, nyuma ya majabali, maji yakipwa. Nikamwambia shemeji ni kaskazini. Uso mkavu kabisa. Akanishukuru! Akasema undugu ni kufaana. Nilikaribia kuona haya. Nikajizuia.

Benchi nikalivika koti langu, mto ndani, kofia juu. Mimi huyo, mkongojo mkononi, mtandio wa binti yangu kichwani. Mawe. Mwani unaoteleza. Pumzi juu juu. Nikazunguka jabali la mwisho na... yupo! Mweupe pe! Anafagia maji kwa mdomo wake kama mtu anayekoroga uji usishike madonge. Na miguu, kumbe myekundu! Maisha yangu yote nimeichora kwa chaki nyeupe. Nikalia. Nikapiga kelele, huyo, huyo! Kisha nikageuka kutafuta shahidi. Kaa wawili tu, nao wakaingia shimoni.

Niliporudi, binti yangu alikuwa akilihubiria koti kuhusu dawa za presha. Akanitazama. Akalitazama koti. “Baba,” akasema, “angalau hili linasikia.”

Jumatano, tarehe 5 Machi
Mama mwenye nyumba hatingishiki: niliota. Nikamwambia mtu anayekufa haoti. Akasema pole mzee, akaniongezea chai.

Shemeji naye aliambulia shakwe na pua iliyobabuka kwa jua. Halafu ndiye ninayemhitaji! Nani mwingine ataniamini mpaka kusini? Mficha uchi hazai. Nikaamua kuungama kwake, mkono kifuani, sauti ya saa ya mwisho, kikohozi kidogo kwa ladha. Nikasema yote. Akatoa leso. “Shemeji, mguu mmoja uko kaburini, na huo mwingine bado unanitega?” Kisha akacheka hadi akapaliwa. Kesho tunakwenda pamoja!

Ila kikohozi changu kilikuwa kizuri mno. Binti yangu alikisikia kutoka barazani. Kitandani, mara moja! Na viatu vyangu amevifungia kabatini kwake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Alfajiri dirisha likagongwa. Shemeji! Ameniletea viatu vyake vya akiba. Vinanipwaya kama mitumbwi. Tukaenda tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Kila nilipoishiwa pumzi alisimama, akadai lenzi zimeingia vumbi, akazifuta taratibu hadi nikatulia. Lenzi safi kuliko hizo hazipo duniani.

Jabali la mwisho. Yupo! Na mwenzake! Shemeji akanipa darubini nitangulie mimi. Nikaliona hadi jicho! Tukaruka. Yaani yeye aliruka, mimi nilitikisika.

Binti yangu akatufuma tukirudi. Akafungua mdomo kutufokea, akaona tope lilivyotufika magotini, akaufunga. Akaniuliza miguu ya ndege ni ya rangi gani kumbe. Myekundu, mwanangu! Myekundu! Akaniambia yeye, darasani kwangu, alichora myeupe nikampa alama zote. Tukacheka wote watatu.

Ubaoni: Domomwiko, majina mawili. La shemeji juu! Eti mwenye darubini ndiye hutangulia. Nikasema mimi nilimwona Jumanne. Mama mwenye nyumba akajibu, “Jumanne uliota, mzee.”

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Huenda hili ndilo ungamo langu la mwisho, maana moyo unarukaruka. Shemeji ni mtu mwema kuliko mimi. Uongo na hila nimeviacha. Niko tayari kuitwa.

Mchana wenzangu walipolala nilinyatia chumba cha kulia, chaki mfukoni, nirekebishe ule mpangilio. Nikamkuta shemeji mbele ya ubao, kitambaa mkononi. Mwizi! Nikasogea. Alikuwa amefuta jina lake la juu, ameandika langu, na lake amelishusha chini. Mwandiko wa mpima ardhi, umenyooka kama mpaka. Akasema, “Wewe umemsubiri zaidi.”

Nikamkumbatia. Machozi yalinitoka, ya kweli haya, bila kikohozi. Na nikiwa hapo, kidevu begani kwake, nikausoma ubao wote. Heroe hayumo! Heroe, waridi mzima mzima!

Mpishi anasema hutua kusini, mbele kidogo ya pale pale. Shemeji nimemwambia kaskazini.

Amenishukuru!