Farasi wa Mheshimiwa Wamechanjwa

Umma unatangaziwa kwamba Kamati Maalumu ya Kuamua Kama Farasi Wachanjwe imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa. Farasi mia mbili na arobaini wamechanjwa kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyepiga teke, hakuna aliyelia, hakuna hata aliyetikisa mkia. Nathibitisha, maana nilikuwepo na makofi nilipiga.

Mimi nilikuwa Mjumbe Mwakilishi wa Farasi. Msicheke. Shule niliishia darasa la nne, lakini kanuni zinataka wadau washirikishwe, na farasi wenyewe ilionekana hawataweza ngazi za ukumbini. Nikaitwa mimi ninayewalisha. Tangu lori la halmashauri lilipokufa, taka za mji zinavutwa na farasi watatu, na mmoja wao, jike wa kijivu, namwendesha mimi. Jina lake Mke Mwenza.

Jina hilo alipewa na marehemu mke wangu. Nikichelewa zizini alikuwa ananiambia, "Chakula chako kimepoa. Mke mwenzangu najua alishakula." Wakaishi hivyo, mmoja anasema, mwingine anapuliza pua. Siku mke wangu alipobanwa na kifua nilikimbia kuomba gari la wagonjwa. Nikajibiwa limepeleka viti kwenye semina ya utayari wa dharura. Nikamlaza kwenye mkokoteni, Mke Mwenza akavuta. Njiani mke wangu akanishika mkono. "Mwambie mwenzangu asikimbie sana, atachoka." Geti la hospitali tuliliona wawili tu, mimi na farasi.

Viti, nasikia, vilifika salama.

Kwa hiyo homa ya farasi ilipoingia mji wa jirani na kufagia zizi moja baada ya jingine, mimi sikuwa na mengi ya kuwakilisha. Nilitaka sindano moja.

Kikao kilifunguliwa na Mwenyekiti, ambaye mtaani tunamwita Bwana Mchakato, kwa sababu hata chafya yake ina mchakato. Daktari wa mifugo, mama asiyependa maneno mengi, akasimama.

"Homa iko jirani. Farasi tunao watatu. Tuwachanje leo." Akakaa.

Ukumbi ukaguna. Leo! Bila upembuzi yakinifu!

"Daktari," akasema Bwana Mchakato, "tukiwachanja wasiugue, tutajuaje kwamba wangeugua?"

"Hatutajua, Mheshimiwa. Ndiyo kazi ya chanjo."

"Mmesikia wenyewe. Fedha ya umma tuitie kwenye jambo ambalo hatutalijua."

Mhasibu akauliza kama farasi wameridhia. Wote wakanigeukia.

"Wameridhia," nikasema.

"Wote?"

"Mmoja alikuwa anakula. Lakini hakupinga."

Ikaandikwa kwamba anayekula hapingi, na wajumbe wakakubaliana kwamba hata kwao ni hivyo hivyo.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha takwimu. Kila idara ilitakiwa kueleza ina farasi wangapi. Sasa zizi letu si idara. Liko chini ya kitengo, kitengo kiko chini ya sehemu, na sehemu ofisi yake iko chini ya ngazi. Hatukuulizwa. Idara ya Usafirishaji ndiyo iliyojibu, kwa uaminifu, kama ilivyoandikwa kwenye hati za gari: gari la Mwenyekiti, nguvu za farasi mia mbili na arobaini.

Daktari akasimama tena. "Mheshimiwa, hizo ni nguvu za injini. Mle ndani hamna farasi."

Bwana Mchakato akavua miwani. Nimeshaona mtu akitukaniwa mama yake, uso wake ulikuwa na heri kuliko ule. "Gari langu halina farasi?"

"Hata mmoja."

"La Mkurugenzi wanasema lina mia na themanini. Hao wapo?"

"Hao nao hawapo."

"Alaa! Kumbe unataka tulingane!"

Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba farasi wapo, na kwamba wa Mheshimiwa ni wengi zaidi. Kwa kuzingatia itifaki, wa Mheshimiwa watangulie. Fedha nazo ziliwatosha hao tu. Wa Mkurugenzi na wale wetu wa kwato wangesubiri awamu ya pili, mchakato ukiruhusu. Daktari akaandikiwa barua ya onyo kwa kuwakana farasi wa kiongozi.

Nikanyoosha mkono. Nilitaka kulia, nikawakilisha.

"Mheshimiwa, basi angalau farasi akichanjwa apumzishwe. Ipo siku zamu yetu itafika, na huyu wangu ana umri, asije akavutishwa mzigo na sindano mwilini."

"Wiki mbili," akasema daktari bila kusimama.

"Imepita," akasema Bwana Mchakato, ambaye harufu ya chakula ilikuwa imeshamfikia. Mhasibu, asionekane hakuchangia, akaongeza kwamba farasi asiyechanjwa asitoke nje ya geti la halmashauri, asije akatuletea homa. Hiyo nayo ikapita. Mheshimiwa akasaini zote mbili, jicho likiwa mlangoni.

Chanjo zikaja ndani ya barafu. Dereva akafungua boneti mbele ya wapiga picha. Daktari alikataa kushika sindano, hivyo dereva akamimina chupa moja kwenye rejeta. Injini ikakohoa.

"Imeingia hiyo," akasema Mhasibu. Tukapiga makofi.

Chupa zilizobaki zikafungiwa kwenye jokofu la Mwenyekiti, ufunguo mfukoni mwake, akiba ya dozi ya pili ya gari. Niliomba moja. Nikaambiwa nisiwe na tamaa.

Basi Mke Mwenza akafungiwa zizini kwa kosa la kutochanjwa. Taka zikajaa mtaani hadi teksi zikakata mguu kuja upande wetu. Kila nikiamka nilimshika masikio kupima kama yamepata joto. Habari zikaja kwamba homa imevuka daraja. Nilipiga hodi kwa Mwenyekiti, karani wake akanijibu kwamba tangu siku ya chanjo Mheshimiwa amejifungia, anaandaa hotuba ya mafanikio.

Na kweli, kutoka juu ilikuwa imekuja barua ya nishani. Asubuhi ya kwenda kuipokea, wiki mbili hazijatimia tangu chanjo, Bwana Mchakato alishuka na suti mpya, akapanda gari, likasogea hadi getini. Mlinzi hakuinua mti wa kizuizi.

"Fungua, bwana."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hawa wamechanjwa?"

"Picha hukuziona?"

"Nimeziona, tena umetoka vizuri. Basi wapumzike wiki mbili. Karatasi hii hapa ukutani, saini ni yako."

"Hili ni gari, we mpumbavu!"

"Mheshimiwa, usinitege. Daktari alisema hivyo hivyo akala barua."

Bwana Mchakato akashuka garini. "Lete la Mkurugenzi."

"Hao hawajachanjwa. Hawatoki."

"Niitie gari la wagonjwa kule hospitali!"

Hapo nilijibu mimi, niliyekuwa zizini kando ya geti, maana jibu hilo nalijua kwa moyo. "Limepeleka viti, Mheshimiwa. Vya sherehe yako."

Akaangalia taka kule nje, akaangalia viatu vyake, kisha jicho likatua kwenye mkokoteni, ambao kupita kwenye taka ndiyo kazi yake. "Na yule farasi wako?"

"Hajachanjwa, Mheshimiwa."

Sijawahi kuona ufunguo ukitoka mfukoni kwa kasi ile. Daktari akaitwa, akaja mbio na chupa ya baridi mkononi. Akamchanja Mke Mwenza shingoni, na kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haiwekwi, akawachanja na wenzake wawili. "Upesi, mama, upesi!" akawa anasema Mheshimiwa. Mke Mwenza akapuliza pua, kama enzi zile anapotaniwa.

Nikafunga mkokoteni. Bwana Mchakato akatandika leso juu ya mbao, pale pale mke wangu alipolala, akaketi. Tukafika getini.

"Amechanjwa?" akauliza mlinzi.

"Sasa hivi, mbele yangu!" akajibu Mheshimiwa mwenyewe, kwa fahari.

"Hongera. Basi apumzike."

Bwana Mchakato akanigeukia taratibu. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mheshimiwa. Lakini mwakilishi husema akiulizwa."

Akashuka. Tulimtazama akipanda rundo la kwanza la taka, akiteleza kwenye la pili, hotuba ya mafanikio ameishikilia juu kichwani isilowe. Nikamfungua Mke Mwenza kamba, nikamrudisha kivulini. "Pumzika," nikamwambia. "Mwenzio aliogopa utachoka."

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Hawakuwahi kumwona mpanda farasi mia mbili na arobaini. Huyo huenda kwa miguu.