Kipande cha Reli cha Mwalimu Getruda

Jumatano, 9 Agosti 2006

Kijiji chetu cha Balangdalalu kitajulikana! Ile njia ya reli ndogo, aliyopitishia vitoroli mzungu wa mashamba ya ngano, sasa ni njia ya matembezi. Tumefyeka wiki mbili. Ijumaa wageni wanatoka Babati kuikagua na kuchagua mtembeza wageni. Nani kama mimi? Moshi nimefika. Nairobi nimefika (mpaka stendi). Jirani yangu Hilary naye anaitaka nafasi, kisa kamaliza fomu foo na ana filimbi. Ananicheka. Eti reli yenyewe haikubaki hata msumari, nitawaonyesha nini, nyasi?

Mjinga, ila hapo kasema kweli.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepata! Kipande kimoja cha reli kipo: ndicho kengele ya shule, kinaning'inia kwenye mti wa mgunga. Walimu walipoondoka nikakata waya, nikaitia kwenye toroli. Nzito kama dhambi. Nimeifukia katikati ya njia, mgongo unachungulia. Nimeipaka tope ionekane ya kale. Akili hii nilitoka nayo nyumbani, maana darasa la sita sikumaliza. Wageni wakiondoka tu, nairudisha.

Ijumaa, 11 Agosti

Mungu wangu! Kumbe kijiji kiliambiwa kije kupokea wageni kengele ikigongwa. Kengele ipi? Nimeizika mwenyewe!

Saa nne gari likafika. Njia nzima ni mimi, Hilary na ng'ombe wa Mzee Akonaay. Hilary akapuliza filimbi. Wakaja mbuzi. Mama Irene, mkubwa wa wageni, akauliza kwa upole kama wananchi wanaitaka kweli njia hii. Jasho! Nikamwonyesha reli. Akainama, akauliza mbona ina tundu na waya mpya. Nikamwambia huo ndio ufundi wa Wajerumani.

Mara vumbi. Mwalimu mkuu Getruda yuko mbele, kafuata alama ya tairi la toroli toka mgungani. Nyuma yake shule nzima, wazazi na fimbo zao, wanapiga kelele za mwizi. Kwa mbali ungedhani wanaimba. Mama Irene akapiga makofi, akasema mapokezi kama haya hajayaona mkoa mzima.

Nikamwamkia Mwalimu shikamoo mara tatu. Akanitazama. Akawatazama wageni. Akaitika marahaba moja, kavu, kisha akawaeleza kwamba shule imeazimisha reli yake ili wageni waione, na mimi, Yakubu, nitairudisha mwenyewe.

Begani.

Asante, Mwalimu. Saa hizi ningekuwa mahabusu Katesh. Bega limevimba, moyo umetulia.

Jumatatu, 14 Agosti

Hilary kachaguliwa. Haya. Njia imekubaliwa, hilo ndilo kubwa. Jana hata bibi zetu walitoka kutembea, wamevaa viatu vya kanisani. Adhabu yangu ni kugonga kengele kila asubuhi, mwezi mzima. Leo Mwalimu Getruda kaniletea chai na kiazi, akasema hajapata mgongaji hodari kama mimi. Nilikuwa najua. Nimemshukuru mpaka akanifukuza.

Hilary kapita kuniringia. Anasema wageni watarudi mwezi ujao, ila Mama Irene anasikitika hakuna hata behewa la kupigia picha.

Behewa.

Tenki la maji la parokia, ukilitazama kwa ubavu, ni behewa kabisa. Paroko anakwenda Mbulu Alhamisi. Toroli halitatosha, lakini Mzee Akonaay ana maksai wanne.