Shujaa Wangu Hapigi Chafya

Jumatatu, 5 Machi 1934
Bi Mauza anamwoza bintiye Ijumaa. Anataka msimulizi wa hadithi. Ama mimi, Humoud, karani wa Gerezani, ama Zahoro fundi cherehani. Fundi cherehani! Nimemweleza Bi Mauza elimu yangu: watu wa hadithini wamepangwa kwenye ngazi. Juu kabisa majini, kisha mashujaa wa miujiza, kisha masultani, kisha watu kama sisi, chini kabisa wajinga wa kuchekwa. Zahoro hajawahi kutoka chini. Bi Mauza akauliza kama shujaa wangu hula pilau. Nikamjibu hana njaa, hana usingizi, hapigi chafya. Akasema atatusikiliza sote wawili keshokutwa.

Jumatano, 7 Machi
Barazani kwa Bi Mauza. Shujaa wangu kapasua milima saba. Ghanim muuza kahawa akasema mtu asiyedhurika, yeye amwogopee nini? Mpumbavu! Jirani yetu Bi Nunu akasinzia. Zahoro naye akasimulia karani anayepanda kigoda uani kuwasomesha kuku. Walicheka mpaka machozi. Uzushi! Kuku wenyewe wanne tu. Bi Mauza kasema Ijumaa tuje wote, wageni wataamua.

Alhamisi, 8 Machi
Dawa ya Zahoro ninayo. Hadithi haianzi mpaka msimulizi aseme "Paukwa!" na watu waitikie "Pakawa!" Wasipoitikia, kwisha kazi. Nimegawa kashata nyumba kwa nyumba, Mchafukoge nzima: kesho mtu akisema Paukwa, nyamazeni. Zahoro sikumtaja, nisije nikaonekana nina kijicho. Akili hiyo!

Ijumaa, 9 Machi
Zahoro akaomba Bwana Karani aanze, kwa heshima yake. Nikasimama. Paukwa! Kimya. Paukwa! Kimya, na kutafuna. Mara ya saba Bi Nunu akaninong'oneza kwamba wao ni watu wa ahadi. Zahoro wala hakusema Paukwa. Alianza tu: palikuwa na karani mmoja na sinia lake la kashata. Hata bi harusi alisikika akicheka ndani. Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia. Lakini kushuka sishuki!

Jumamosi, 10 Machi
Bi Mauza kaniletea sahani ya pilau na ujumbe: harusi ijayo nisikose, bila mimi Zahoro hana hadithi. Kumbe! Nani husimuliwa mtaa mzima kama si sultani? Niko daraja ya tatu na bado napanda. Anayebisha abishe! Pilau nimemaliza, masultani hula. Sasa natoka uani na kigoda changu. Kuku lazima waelezwe.