Waya wa USB Usiofika kwa Mama Mkwe

Nashon Omolo,
Nyumba nambari 7, nyuma ya kichinjio,
Kitengela.
9 Juni 2004

Bwana Tajeu,
Duka la Kompyuta la Tajeu na Wanawe,
Kitengela.

Mheshimiwa Bwana Tajeu,

KUH: WAYA WA USB WENYE UREFU WA MITA MOJA NA NUSU

Sopa. Natumaini u mzima, familia ni nzima, na jenereta ya duka pia ni nzima, maana juzi stima zilipotea tena.

Mimi ni yule mteja aliyenunua kwako mwezi wa Aprili organaiza ya mkononi, ile ya kuandikia kwa kijiti, pamoja na stendi yake na waya wake wa USB. Ni afisa wa nyanjani wa kampuni ya mbegu. Kazi yangu ni kuzunguka Kajiado nzima nikiwatembelea wakulima, kuanzia wenye vitunguu na nyanya kule Kimana hadi wenye matumaini tu kule Ewuaso Kedong. Majina yao na tarehe za kuwatembelea ziko katika kompyuta yangu ya mezani, nyumbani. Organaiza ilipaswa kukaa kwenye stendi, kuunganishwa kwa ule waya, kubonyezwa kitufe kimoja, na kuyapokea yote hayo ili kinachojulikana na kompyuta kijulikane pia na mfuko wangu wa shati. Mlinieleza hivyo wenyewe dukani na nikawaamini.

Naandika kwa masikitiko, si kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki jana, na mke wangu Nasike akaniomba niiache mlangoni pamoja na viatu. Malalamiko nimeyapanga kwa nambari ili asitokee mtu wa kusema kwamba barua haisomeki.

1. Waya ni mfupi. Kutoka meza yangu ya sebuleni hadi kompyuta ilipo ni mita kumi na nne na nusu. Nimepima kwa tepu ya fundi wa nguo, mara mbili, mara ya pili mbele ya shahidi.

2. Kompyuta haifikiki. Naomba unisikilize hapa kwa makini. Nyumba tunayopanga ina chumba cha nyuma, kile wapangaji tunachokiita SQ, kilichojitenga na nyumba kubwa na chenye paa lake. Kompyuta niliihamishia huko mwaka jana baada ya binti yetu Akoth kuinywesha uji. Sasa, tarehe kumi na mbili Mei, mama yake Nasike alifika kutoka Kimilili ili apasuliwe jicho Nairobi. Mimi ni Mjaluo na yeye ni Mbukusu, na ingawa watu wetu hubishana kuhusu mambo mengi, kwa hili hatuna ubishi: mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. SQ ina paa lake, akalazwa SQ. Tulijipongeza sana kwa mpango huo. Ilikuwa siku ya pili, nikiwa na organaiza mkononi na mguu mmoja nje ya mlango, nilipokumbuka kompyuta iko wapi.

3. Mwanamume haingii alikolala mama wa mke wake. Naamini hata kwenu, Bwana Tajeu, hakuna mkwe anayeingia humo kutafuta tundu la waya. Kitabu cha maelezo kilichokuja na organaiza kina kurasa tisini na sita na hakuna hata moja inayogusia jambo hili.

4. Usaidizi wa simu. Sina ugomvi na fundi wako Musila. Ni mtu mpole, na alinipa kwa simu hatua tano za kutafuta tatizo, zote nzuri, zote za kufanywa na mtu aliye ndani ya chumba. Hata hivyo nilijaribu. Nilipitisha organaiza, stendi na waya dirishani kwa sinia, nikiwa nimetazama upande wa kichinjio. Kisha nikasimama kando ya tangi la maji, nikalipa dirisha mgongo, nikazungumza na mbwa wa mwenye nyumba.

Nilimwambia mbwa kwamba ingekuwa vizuri kama mtu angehakikisha waya umeingia vizuri kwenye tundu la mbele la kompyuta. Baada ya muda sauti ya heshima ikatoka ndani, nayo ikimwelekea mbwa: "Wewe mbwa, waya imeingia. Imekaza." Nikamwambia mbwa kwamba kwenye stendi kuna kitufe. Sauti ikamjibu mbwa kwamba kitufe kimebonyezwa, na kompyuta imeandika kwamba haitambui kitu kilichounganishwa. Yule mbwa alituangalia kwa zamu kisha akaenda kulala chini ya gari la jirani.

Hatua ya tatu ya Musila ilikuwa kuuchomoa waya mbele na kuuchomeka kwenye tundu la nyuma ya kompyuta. Hapo nilisimamisha kazi yote. Tundu la nyuma liko chini, ukutani, penye vumbi. Ili kulifikia lazima mtu apige magoti na kuingiza kichwa chini ya meza. Nakuuliza, Bwana Tajeu, na nataka jibu kwa maandishi: ni mkwe gani anayempigisha magoti mama wa mke wake chini ya meza, jicho moja likiwa na bendeji, kwa ajili ya tarehe za vitunguu? Niliomba sinia irudishwe. Ilirudi na organaiza na viazi vitamu viwili vya moto. Stendi na waya nikaviacha huko huko, kwa aibu.

5. Nasike alijitolea kuipeleka organaiza yeye mwenyewe kila jioni. Nilimkataza kabisa. Mgonjwa wa jicho hawashiwi kompyuta usoni ili mkwe wake ajue kesho anakwenda wapi.

6. Kuihamisha kompyuta. Nilimwomba jirani yangu Wachira, ambaye si mkwe wa mtu yeyote katika boma letu, aingie SQ aibebe kompyuta ailete sebuleni. Nilimpa dakika kumi. Alikaa saa nzima. Alitoka bila kompyuta, akipangusa mdomo, akaniambia: "Omosh, huyo mama ni poa sana. Amesema hiyo mashini haimsumbui, uiache tu." Kwa kuwa mama mkwe amesema iachwe, mimi ni nani wa kuiondoa? Kuitoa sasa kungekuwa kumwambia kwa vitendo kwamba namhesabia siku.

7. Nilimrudia Musila nikamwomba waya wa mita kumi na tano, upite dirishani, ukatize uwanja na uingie sebuleni. Alinijibu: "Boss, USB ikipita mita tano inakufa njiani. Si mimi, ni vile ilitengenezwa." Nataka kujua ni nani aliyeketi akaamua kwamba ni mita tano. Mtu huyo hana mama mkwe, au anaye lakini anaishi nchi nyingine. Kama angeulizwa mtu mmoja tu kutoka Siaya, au Bungoma, au hapa Kajiado, tungekuwa na waya wa maana leo.

8. Organaiza yenyewe imekufa moyo. Tangu siku ya sinia sijaifungua, maana sipendi kutazama kitu kilichonidhalilisha mbele ya mbwa. Naibeba mfukoni kwa sababu kampuni imeagiza ibebwe, na jioni naitupa juu ya kabati kabla ya kuoga. Nimeona tu kwamba taa yake ndogo ya betri ni ya kijani kila asubuhi, ingawa sijawahi kuichaji. Kifaa kisichochoka ni kifaa kisichofanya kazi. Ningependa hilo liandikwe katika faili yangu.

9. Madhara. Hapa, Bwana Tajeu, utani unaisha. Bila organaiza nimekuwa nikitumia kichwa changu, na kichwa changu kina tarehe za mwezi wa Aprili. Jumanne tarehe mosi Juni niliamka alfajiri, nikapita Ngong, nikapita Kimuka, nikafika Ewuaso Kedong saa nne nikiwa na mbegu na kofia ya kampuni. Hakuna aliyekuwa akinitarajia. Siku hiyo hiyo, upande ule mwingine wa wilaya nzima ya mavumbi, Mzee Lesiamon wa Kimana alinisubiri tangu asubuhi hadi saa kumi, miche yake ya nyanya ikinyauka kwenye gunia. Alimpigia mkubwa wangu simu. Nina barua ya onyo hapa mbele yangu. Inasema kwamba ifikapo tarehe thelathini mwezi huu niwasilishe orodha kamili ya wakulima na tarehe zao, iliyosawazishwa kwenye organaiza, la sivyo nafasi yangu itatangazwa. Nina mke, nina mtoto, nina mgonjwa SQ. Nikikosa kazi hii tutarudi nyumbani na kompyuta kwenye gunia, na wala sijui huko nitaiweka chumba gani.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima duka lako lifanye yafuatayo:

Kwanza, nipewe waya wa mita kumi na tano usiokufa njiani. Kama haupo, utengenezwe.

Pili, kila kompyuta mnayouza Kitengela ibandikwe kikaratasi chenye onyo kwamba isiwekwe katika chumba ambacho siku moja kinaweza kulaliwa na mkwe. Kikaratasi kiwe mbele, si nyuma, kwa sababu nilizozieleza.

Tatu, mwandikie aliyeamua mita tano. Mweleze, kwa adabu, kwamba huku kwetu umbali kati ya mtu na mama mkwe wake haupimwi kwa starehe ya umeme. Kama atahitaji vipimo, nitampa, na tepu ya fundi nitampelekea.

Nne, kama hayo matatu yatashindikana, naomba duka linijengee chumba cha tatu katikati ya SQ na nyumba kubwa, chenye paa lake, ambamo kompyuta itakaa peke yake bila undugu na mtu yeyote. Mwenye nyumba bado sijamuuliza. Nilitaka kwanza kusikia kutoka kwako.

Nakupa siku saba. Baada ya hapo nitalazimika kununua daftari la kawaida la mistari, na jambo hilo litakuwa aibu kwako kuliko kwangu.

Nisalimie familia, wanao wote dukani, fundi Musila hasa, na yule mama wa fotokopi mlangoni ambaye hunipa kiti ninapokuja kulalamika. Nasike anawasalimu. Akoth naye anawasalimu, na ameahidi hatakaribia kibodi tena na kikombe.

Wako katika shida ya kiteknolojia,

Nashon Omolo

Baada ya kutia sahihi:

Bwana Tajeu, nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha nilipohitaji nambari ya sanduku lako la posta, na nikakumbuka niliwahi kuiandika kwenye organaiza. Nikaifungua, mara ya kwanza tangu siku ya sinia.

Wakulima wote mia mbili na kumi na wawili wamo. Wamepangwa kwa kata, tarehe zimejazwa hadi Agosti, na majina niliyoyakosea yamesahihishwa. Nilimwita Nasike. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ile saa nzima ya Wachira, mama alimpa chai na kumwagiza auchomeke waya kwenye tundu la nyuma, na kompyuta ikaitambua stendi papo hapo. Tangu hapo, kila jioni nikiwa bafuni, Nasike huichukua organaiza juu ya kabati na kuipeleka SQ pamoja na chakula. Mama alipiga taipu katika ofisi ya baraza la mji kwa miaka ishirini na sita. Hilo nililijua siku nyingi, ila sikuwahi kulifikiria. Amefanya kazi yangu wiki tatu, kwa jicho moja.

Jumanne ile niliyoenda Ewuaso Kedong, organaiza ilikuwa imeandika KIMANA kwa herufi kubwa, mfukoni mwangu, safari nzima. Kwa hivyo malalamiko ya kwanza hadi ya tisa nayafuta. Ombi la chumba cha tatu pia.

Ameacha na maneno machache mle ndani. Hayakutaja jina langu, kama inavyofaa. Moja linasema: "Mwenye hii kitu aombe mzee Lesiamon msamaha kwanza, ndio aulize mambo ya nyanya." Lingine linasema: "Mwenye hii kitu akule lunch. Suruali inamteremka." Mtu huyu hajawahi kuniona ila kupitia dirishani, tena nikiwa nimempa mgongo.

Halafu nikafungua Jumamosi hii, tarehe kumi na mbili. Pameandikwa: "Basi ya asubuhi, Kimilili. Jicho imepona." Mimi sikuwa nimeambiwa. Nilikaa kitandani na taulo langu, kuoga kukinishinda, na sioni haya kukwambia kwamba niliumia. Mwezi mzima tumeishi boma moja na sijampa hata asante moja.

Kwa hiyo usitengeneze ule waya wa mita kumi na tano. Mwambie Musila anitafutie wa kutoka hapa hadi Kimilili. Najua atasema unakufa njiani. Ajaribu tu, tafadhali, kabla ya Jumamosi.

N.O.